Filamu Iliyokatikia Bukavu

Kariuki wa Tensta ni dereva wa basi. Ukimwona asubuhi ndani ya koti lake la kazi, mikono yote miwili kwenye usukani na mdomo umefungwa, utadhani ni mtu wa maneno machache. Usidanganyike. Kariuki ni mtu wa maneno tangu utotoni; ni kazi tu iliyomfunga mdomo. Basi analoendesha pembezoni mwa Stockholm, kutoka Tensta kuteremka mpaka stesheni ya Spånga, lina sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, na hiyo ndiyo inayotaja vituo. Wiki ya kwanza kazini alirudi nyumbani akamlalamikia mkewe.

"Nyokabi, kuna mama ndani ya lile basi ananifanyia kazi yangu, na anaifanya vibaya. Anataja kituo kama anasoma jina la marehemu."

"Kazi yako ni kuendesha, Baba Wangari," Nyokabi akamjibu. "Muache mama wa watu."

Alimuacha. Lakini ili mjue kwa nini jambo hilo lilimuuma, lazima turudi Nakuru kidogo.

Ujanani Kariuki alikuwa mtafsiri wa filamu katika kibanda cha video mtaa wa Kaptembwo. Mliokulia mjini mnavijua vibanda hivyo: mabati, mabenchi, pazia jeusi mlangoni, mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kutiwa kachumbari, na mbele kabisa televisheni moja yenye mgongo mkubwa. Filamu zilikuwa za Kichina na za Kihindi. Lugha hizo hakuna aliyezijua mle ndani, na mtafsiri mwenyewe hakuzijua. Hiyo haikuwa shida hata kidogo. Aliketi kando ya televisheni na maikrofoni yake, akapunguza sauti ya wenye filamu, akaongeza ya kwake. Jambazi la Hong Kong likapewa jina la chifu aliyechukiwa mtaani. Msichana wa Bombay akalia kwamba mahari yake imeliwa na mjomba. Watu wakavunjika mbavu, wakapiga miluzi, wakarudi kesho kuitazama filamu ile ile, maana walijua kesho Kariuki atasema mengine.

Aliyemfundisha alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Mapengo, na Mapengo alikuwa na masharti yake.

"Maikrofoni haishikwi na watu wawili," alimwambia. "Staringi, yule shujaa wa filamu, hafi; akifa, wewe sema amezimia. Na mwisho wa filamu usiutazame kabla ya wateja. Ukiujua mwisho, sauti yako nayo itaujua, na watu watausikia mapema kwenye koo lako."

Kariuki aliyashika masharti hayo kama amri. Kuna siku shujaa mmoja wa Kichina alikatwa kichwa, na kichwa kikabingirika mpaka mtoni. Kariuki akasema bila kutetereka, "Amezimia, jamani. Tungojeni sehemu ya pili." Jumamosi iliyofuata watu walikuja kuidai hiyo sehemu ya pili, na si wote waliokuja mikono mitupu.

Halafu Nyokabi akapata nafasi ya kusomea uuguzi Stockholm, Kariuki akamfuata na mtoto wao mgongoni, na sauti ile ikakosa mahali pa kwenda. Huu ni mji wa watu wanaoheshimu sikio la jirani. Kwenye treni wanasemezana kama vile kuna mtoto mchanga amelala kila behewa. Binti yake Wangari alikua, akawa anamjibu kwa Kiswidi, na kila baba alipoanza hadithi mbele ya marafiki zake alimwambia, "Pappa, snälla," yaani baba tafadhali, niponye. Basi Kariuki akajifunza kunyamaza. Akajifunza na Kiswidi, akapata leseni ya basi, akawa baba wa watu kama baba wengine.

Mpaka alipopanda Mama Magdalene.

Ilikuwa Jumapili ya baridi kali. Mwanamke mzee mwenye kilemba cha kitenge chini ya kofia ya sufu alipanda akipapasa nguzo, mkononi ana mfuko wa maua. Aliuliza kwa Kiswidi kama hili ndilo basi la kupitia makaburini. Kariuki alisikia kile Kiswidi kilivyopinda, akajua kimetokea wapi.

"Ndilo, mama. Karibu, keti hapa mbele."

"Ah! Weye unasema Kiswahili!" Mama akacheka. "Pardon, Papa. Sikukuona uso. Ugonjwa wa macho umenila katikati. Naona pembeni tu. Naona masikio ya watu, uso hapana."

"Basi umenusurika, mama. Masikio yangu ni mazuri kuliko uso."

Hapo ndipo urafiki ulipoanza. Dereva haruhusiwi kupiga soga akiendesha, na Kariuki ni mtu wa sheria. Kwa hiyo alisema naye vituoni tu, milango ikiwa wazi. Alimwambia kilichoko nje. "Mama, hapa kuna mzee amevaa suruali ya kaptula kwenye theluji hii, na anamlaumu mbwa kwa kutembea polepole." Au, "Hapa shuleni watoto wamejenga mtu wa theluji, wamempa karoti mbili. Ya pili sitakwambia wameiweka wapi." Mama Magdalene alicheka mpaka akashika kifua. Jumapili baada ya Jumapili alipanda, na Kariuki, bila mwenyewe kujua, akaanza kuandaa maneno tangu Jumamosi.

"Weye ulikuwa mutu wa redio?" siku moja mama akamuuliza.

Kariuki akamweleza habari za Kaptembwo. Mama akasogea ukingoni mwa kiti. Kisha akaanza kutoa yake, kidogo kidogo, na ilimchukua Jumapili kadhaa kuimaliza, maana kila milango ilipofungwa hadithi nayo ilifungwa.

Yeye na mumewe Gédéon walikuwa watu wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Parokia yao ilikuwa na kikundi cha maigizo. Gédéon alikuwa fundi wa taa na jenereta, na Magdalene alikuwa mnong'onezaji, yule mtu anayejificha kwenye shimo chini ya jukwaa kumkumbusha mwigizaji maneno akisahau. Vita vilipokuja, mji ukawa mikononi mwa wanajeshi wa kigeni, jua likizama hakuna aliyetoka. Kikundi hakikufa. Wakawa wanaigiza mchana, madirisha wameyaziba kwa magodoro sauti isifike barabarani.

Wakati huo padri mmoja akawaletea filamu ya Kifaransa. Wakatundika shuka ukutani, Gédéon akawasha jenereta. Na filamu ilikuwa inahusu nini? Inahusu jumba dogo la maigizo katika mji wa Ufaransa, Wajerumani wameuteka mji, waigizaji wana njaa na hofu lakini kila jioni pazia linafunguliwa. Na mtu mkuu wa hadithi ni nani? Ni Odile, mnong'onezaji!

"Tulipiga kelele," Mama Magdalene alisema. "Ni sisi wale! Wamevaa tu makoti."

Odile ana mchumba, mwigizaji anayeitwa Armand. Siku moja Armand anachukuliwa na askari. Kuanzia hapo Odile anatundika koti la Armand kwenye kiti, katikati ya jukwaa, na maneno ya Armand anayasema yeye kutoka mle shimoni mwake, usiku baada ya usiku, mpaka vita vinakwisha. Jumba linafunguliwa upya. Odile anafungua milango mikubwa ya mbele, na hapo, hapo hapo, shuka la Bukavu likaingia giza.

Wanajeshi walikuwa wamekuja kuchukua jenereta.

"Filamu hawakuitaka. Walitaka mashine tu. Gédéon aliwaomba, jamani, tuacheni kidogo tuone kama Armand anarudi. Mmoja, kijana tu, akasema hata yeye angependa kujua, lakini kamanda anangoja. Wakabeba."

Usiku ule kitandani Gédéon alisema Armand amerudi, hakuna shaka. Magdalene akasema hakurudi. Waliochukuliwa hawarudi, aache utoto. Wakabishana mpaka alfajiri. Wakabishana Bukavu, wakabishana ukimbizini Bujumbura, wakabishana Tensta jikoni wakiosha vyombo. Kila mmoja akishindwa kwa jambo jingine alirudia hilo. Hata siku za mwisho hospitalini Gédéon alimwambia, "Utaona mwenyewe, alirudi." Naye akamjibu, "Nitaona na macho gani, weye mzee?"

"Sasa yeye iko pale kaburini ananingoja," mama akamalizia, maua mapajani. "Nataka nimpelekee jibu. Tu. Niende nimwambie nani alishinda."

Milango ilikuwa wazi. Abiria wa nyuma walianza kukohoa. Kariuki akasikia kitu kikiamka kooni, kitu kilicholala tangu Nakuru.

"Mama," akasema, "nitakupa mwisho wako."

Na hilo, mnavyojua, ni neno rahisi kulitoa.

Aliyeitafuta filamu ni Wilkister, Mkenya mwenzake anayefanya kazi maktabani, ndiye pia mwenyekiti wa chama chao cha Waswahili, chama ambacho Mkenya, Mganda, Mkongo na Mrundi wanakutana Jumamosi mchana katika ukumbi mmoja wa Rinkeby, mtaa wa jirani, kunywa chai na kulalamikia bei. Filamu ilikuwa imesahaulika na dunia, haina jina kubwa. Wilkister aliisaka wiki nyingi, mwishowe akaipata kwenye diski, maandishi ya Kiswidi yakipita chini.

"Wazee hawatawahi kuyasoma yale maandishi, yanakimbia," Wilkister alisema. "Wewe Kariuki si ulikuwa unatafsiri? Tutakupa maikrofoni."

Kariuki akasema sawa, kama mtu aliyeombwa kubeba viti. Ndani alikuwa anatetemeka kwa furaha.

Jioni ya Ijumaa Nyokabi alimkuta sebuleni, filamu imesimamishwa katikati.

"Umeitazama yote?"

"Nusu inatosha. Mwisho hautazamwi. Ni sharti la Mapengo."

"Kariuki! Mapengo alikuwa na wateja wa mayai ya kuchemsha. Wewe una mama wa watu amengoja tangu Bukavu. Itazame."

"Nikiitazama, sauti itajua."

Nyokabi akatikisa kichwa. "Na ukifika kule mwisho ukakuta jambo usiloweza kulisema?"

"Hakuna jambo nisiloweza kulisema," Kariuki akajibu, na hapo alikuwa anasema ukweli. Tatizo lake halikuwahi kuwa kukosa la kusema.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Chai ilikuwa kwenye chupa kubwa, mandazi kwenye sinia, na Ashraf, Mganda fundi wa simu, alikuwa ameikumbatia projekta kama mtoto wake. Mama Magdalene aliketi safu ya mbele, kilemba kipya, kichwa ameinamisha upande ili aipate picha kwa pembe ya jicho. Na upande wa kushoto wakaketi Wakongo na Warundi, wengi kuliko kawaida, kwa sababu walisikia kuna filamu ya Kifaransa.

Hilo Kariuki hakulifikiria. Kaptembwo hapakuwa na mtu aliyeijua lugha ya filamu. Ndiyo ilikuwa siri nzima ya kazi ile.

Akaanza kwa moto. Akapunguza sauti ya filamu, akaongeza yake. Ofisa wa Kijerumani anaingia katika jumba la maigizo, anavua glavu, anasema maneno mawili matatu kwa upole. Kariuki akaunguruma, "Nani amepika vitunguu humu? Na nyinyi wembamba hivi, mnaigiza au mnaugua? Kesho nataka ng'ombe watatu na huyo msichana wa shimoni!"

Upande wa Wakenya ukaangua kicheko. Kariuki akasikia damu ikimrudia. Miaka yote hiyo, na sauti bado ipo!

"Aa-aa!" ikatoka sauti kushoto, mzee wa Kirundi mwenye miwani. "Hakusema vile. Amesema taa zizimwe mapema. Basi."

Watu wakacheka tena, lakini sasa kicheko kilikuwa kimemgeukia yeye. Kariuki akasonga mbele. Odile yumo shimoni, Armand amesahau maneno jukwaani, Odile anamnong'oneza. Kariuki akabana pua, "Armand, mpenzi, ile pesa ya saluni uliniahidi iko wapi?"

"Mon Dieu!" akalia mama mmoja Mkongo wa Uvira. "Ni maneno ya mchezo yale! Anamkumbusha!"

"Muongo huyu!"

"Anatia chumvi mpaka inamwagika!"

Ashraf naye, kutoka nyuma ya projekta, "Kariuki, ndugu yangu, filamu inaongea Kifaransa, wewe unaongea Nakuru!"

Ukumbi mzima ukapasuka. Hata Wilkister alificha uso kwenye kikombe. Kariuki akacheka nao, maana ungefanya nini, lakini masikio yake yalikuwa yanawaka, yale masikio mazuri. Akamtazama Mama Magdalene. Huyo peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeangusha ufunguo gizani.

Mama akainua mkono, Ashraf akasimamisha filamu.

"Papa Kariuki," akasema kwa sauti ndogo, na ukumbi ukatulia ili umsikie. "Sauti yako inafunika maneno. Maneno yao nayasikia miye mwenyewe, Kifaransa ninacho. Masikio iko mazima. Ni macho ndiyo sina. Sijui nani ameingia, nani ametoka. Niko sawa na mutu amefungiwa nje ya nyumba, anasikia karamu."

Kariuki alisimama na maikrofoni yake. Kumbe alikuwa amemwalika mama wa watu kwenye filamu yake, kisha akamfungia nje. Wazo la kwanza lilikuwa kuiweka maikrofoni mezani, kuchukua koti, na kwenda kituo cha treni. Tena alishaangalia koti lilipo.

Lakini mama alikuwa amekwisha kuinuka. Akaja mbele akipapasa migongo ya viti, akaomba kiti, akaketi karibu naye, akajipangusa unga wa mandazi.

"Bon," akasema. "Weye utasema kinachoonekana. Miye nitasema kinachosemwa. Kunong'oneza ni kazi yangu, unasahau? Nipe hiyo kitu."

Mapengo alimjia Kariuki akilini wazi kabisa, na pengo lake la mbele: maikrofoni haishikwi na watu wawili. Kariuki akamwomba radhi mzee wake kimoyomoyo. Akaiweka maikrofoni juu ya meza ndogo katikati yao, ikiwaelekea wote.

"Ashraf," akasema, "rudisha mwanzo. Na sauti ya wenyewe uipandishe."

Mwanzoni waligongana kama watu wawili mlangoni. Kisha wakapatana. Armand akisema, mama alisubiri amalize, akaitoa sentensi kwa Kiswahili chake cha Bukavu, polepole, kavu, bila chumvi. Wakinyamaza kule kwenye filamu, Kariuki aliingia. Na hapo ndipo alipogundua jambo: tangu azaliwe hakuwahi kuitazama filamu. Aliikodolea macho tu akitafuta pa kuchomeka lake. Sasa ilimbidi aione. "Odile anakula mkate. Hapana, haumalizi. Nusu ameufunga kwenye leso." "Armand amevaa koti la kahawia, kiwiko kina kiraka, na kiraka si cha rangi ile ile." "Askari wamemchukua. Hawakumpiga. Mmoja amemfungulia mlango wa gari, kama dereva wa tajiri." Kwa jambo hilo la mlango mama mmoja kushoto akasema, "Yesu wangu." Mandazi yalisahauliwa kwenye sinia.

Ikafika mahali vita vimekwisha. Odile anatembea katika jumba tupu na funguo mkononi. Anaifikia milango mikubwa, anaisukuma, mwanga unaingia. Mama Magdalene akamkamata Kariuki kifundo cha mkono.

"Hapa," akanong'ona, lakini maikrofoni ilimsikia na ukumbi ukasikia. "Hapa ndipo jenereta ilizimika. Kutoka hapa sijui kitu."

Na kutoka hapo filamu nayo ikaacha kusema. Hakuna neno hata moja lililotamkwa tena, ni nyayo tu na viti vikilia. Mama hakuwa na la kutafsiri. Kila kitu kilibaki mdomoni mwa Kariuki, na Kariuki hakuujua mwisho.

"Watu wanaingia, mama. Wamekonda. Wanapeana nafasi, samahani, samahani, hivyo. Wameketi. Jukwaani kuna kiti, na koti lake liko pale juu ya kiti. Odile ameshuka shimoni. Taa zinapungua. Sasa... mlango wa kuingilia, kule nyuma ya watu, umefunguka tena."

Mkono wa mama ukakaza.

"Kuna mtu ameingia. Mwanamume. Ana fimbo, anatembea pole. Kofia ameivuta chini. Ameketi kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango."

"Ni yeye?" mama akauliza.

"Odile amemwona. Anatoka shimoni, mama. Anapanda jukwaani mbele ya watu wote, hilo hajawahi kulifanya. Amelichukua koti kwenye kiti. Analikung'uta vumbi. Anashuka nalo ngazi, anapita katikati ya watu, watu wanageuka. Anaenda kule nyuma. Analibeba kwa mikono miwili. Anaenda, anaenda..."

Picha ikasimama. Mlango wazi nyuma, mwanga, mgongo wa Odile, kofia ya yule mtu. Kisha majina meupe yakaanza kupanda juu ya giza.

"Imekwisha," Kariuki akasema.

"Uso wake?"

Hapa ndugu zangu, Kariuki alikuwa na nafasi. Ukumbi ulishaanza kuguta, "Sema ni yeye! Ni yeye!" Ashraf alikuwa amesimama. Neno moja tu lingetosha. Angesema ndiye, Gédéon angeshinda, na mjane angempelekea mumewe zawadi. Angesema siye, mama angeshinda ubishi wa maisha yake yote. Vyote viwili vilikuwa vizuri, na Kariuki wa Kaptembwo angeweza kuvisema huku akipiga mwayo. Alitazama mkono uliomshika, mkono wa mtu asiye na njia ya kumhakiki.

"Kofia imeufunika, mama," akasema. "Uso hawajauonyesha. Nimetazama sana. Sijui kama ndiye."

Kisha ukumbi ukalipuka.

"Ni yeye! Angempelekea mgeni koti?"

"Labda yule bwana anasikia baridi tu!"

"Na fimbo? Walimvunja mguu kule kifungoni, fikirini!"

"Wewe Mrundi, ulimwona uso?"

"Wewe ulimwona?"

Wakenya wakabishana na Wakenya, Wakongo na Wakongo, mzee mwenye miwani alipanda juu ya kiti aonyeshe jinsi mtu aliyetoka kifungoni anavyotembea. Wilkister alipiga kijiko kwenye kikombe, hakuna aliyemsikia. Na katikati ya kelele ile Mama Magdalene alikuwa anacheka, anacheka kweli kweli, machozi yanamteremka kwenye mikunjo ya uso.

"Sikia, Gédéon," akasema. "Sikia watu." Halafu akamgeukia Kariuki, akiutafuta uso wake kwa ubavu wa jicho. "Leo wote mmeona sawa na miye. Masikio, uso hapana."

"Mama, nisamehe. Nilikuahidi mwisho."

"Umenipa. Ungenidanganya ningejua, Papa. Sauti yako ikidanganya inakuwa tamu."

Nyokabi alikuwa ameketi nyuma tangu mwanzo. Walipokuwa wakikusanya viti alimpita mumewe na kumwambia bila kusimama, "Mapengo angekufukuza kazi." Lakini alimgusa kiuno alipokuwa akilisema.

Jumapili iliyofuata theluji ilikuwa imeanza kulegea na barabara zilikuwa za tope. Mama Magdalene alipanda na maua yake, akateremka kituo cha makaburini, na Kariuki alipokuwa akirudi na basi kutoka Spånga alimkuta ng'ambo ya barabara akimngoja, viatu vimelowa.

"Haya, mama. Amesemaje?"

"Anasema ndiye. Unajua wanaume. Anasema hata mlango haukufungwa, ni alama."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Miye?" Mama akaketi, akauweka mfuko mtupu mapajani, akaukunja vizuri. "Nimemwambia lile koti Odile alilikung'uta vumbi kwanza. Mutu hakung'uti koti la marehemu, analikunja anaweka sandukuni. Nimemwachia kidogo, wiki hii. Wiki ijayo tutaona. Bado tunabishana."

Nyuma alikuwa amepanda msichana mmoja na mama yake, Waswidi, wakingoja basi liondoke. Milango ilikuwa bado wazi.

"Sasa niambie," Mama Magdalene akasema. "Leo nje iko nini?"

Kariuki akatazama. Hakuharakisha. Alitazama mpaka akaona.

"Kuna mtu wa theluji pale shuleni, mama, yule wa karoti mbili. Ameyeyuka, amebaki kofia na fimbo. Lakini kuna mtoto anampelekea theluji nyingine kwenye ndoo."

Akafunga milango, akashika usukani.